Silabi Inayoachwa Langoni

Safari yenyewe sitaisimulia. Vumbi ni vumbi popote, na kungoja ni kungoja. Itoshe kusema kwamba niliingia nchi ya Shwari nikiwa nimechoshwa na kelele za kwetu. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na ofisini kwetu wafanyakazi wawili wa meza moja walikuwa wameacha kusalimiana kwa ajili ya wagombea ambao hawakumjua yeyote kati yao. Saa ya chai ilikuwa saa ya vita. Kwa hiyo niliposikia kwamba iko nchi ambako siasa haizungumzwi kazini, nilijiambia: hapo ndipo pangu.

Mwenyeji wangu huko alikuwa Tunu, mjane wa makamo, mwepesi wa maneno na mkarimu wa pilipili. Alifanya kazi katika karakana ya mitungi, ambayo ndiyo inayoulisha mji ule. Kazi yake ilikuwa kupanga mitungi mibichi tanurini na kuitoa ikishaiva. Niliomba kufuatana naye nikatazame, nikakubaliwa bila shida, kwa kuwa Washwari ni watu wakarimu, na kwa kuwa maneno ya mgeni hayachekechwi.

Kuchekechwa kwenyewe ni hivi. Langoni pa karakana limetundikwa chekeche, lile lile la kuchekechea unga, ila ukubwa wake ni wa gurudumu la mkokoteni. Chini yake huketi ofisa anayeitwa Mchekechaji, ambaye kazi yake ni kusikiliza. Wakati wangu alikuwa Bwana Makungu, mtu nadhifu mwenye sauti ya chini na adabu nyingi. Baadaye nilijaribu kumchukia, sikuweza. Asubuhi ile alinipa kiti na kunisimulia asili ya sheria yao.

Hapo zamani, alisema, wafanyakazi wa karakana walikuwa wamegawanyika kati ya chama cha Kata na chama cha Kibuyu. Siku moja walibishana hata wakausahau moto, tanuri likapasuka, na mchochea kuni mmoja akaungua uso. Kesho yake sheria ikatoka: kazini hakuna siasa. Nani angeipinga? Hata mimi ningeipigia kura, kama kupiga kura kwenyewe kusingekuwa siasa.

Taabu ilianza walipotaka kujua siasa ni nini. Kwanza walikataza majina ya wagombea, na watu wakahamia bei ya unga. Bei ya unga ikakatazwa, wakahamia maji ya bomba. Maji yakakatazwa, wakahamia mvua, na ikaonekana kwamba Mshwari anaweza kuisema serikali vizuri kabisa kwa kutazama mawingu na kuguna. Ndipo ikaundwa kamati ya wajuzi wa lugha, ikakaa sana, ikala sana, na mwishowe ikaupata mzizi wenyewe.

"Mfanyakazi akisema 'nina njaa', hiyo ni shida yake, na shida ina dawa," Bwana Makungu alinieleza. "Lakini akiisema njaa hiyo hiyo kwa wingi, hiyo ndiyo siasa."

Nilimwomba anipe mfano. Alitabasamu kama anayeombwa kuvua shati hadharani, akasema mfano nitauona mwenyewe nikifika nyumbani. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hakuweza kuutamka pale alipoketi.

Basi kazini neno "sisi" likapigwa marufuku, na pamoja nalo kile kiambishi kidogo kinacholibeba: tu. Huwezi kusema tunafanya, tunachoka, tunaomba. Wajanja wakaanza kulificha lile tu ndani ya maneno mengine na kulitamka kwa mkazo, mpaka kamati ikaona heri silabi yote ibaki langoni. Ukiingia, unaiacha kama unavyoacha viatu msikitini. Ukitoka, unaichukua.

Matokeo yake niliyaona siku ile ile. Tunu akivuka lango anaitwa Nu. Daktari wa karakana huuliza kama mbo linauma, na mgonjwa hujishika tumbo na kuitikia. Washabiki wa kandanda hawawezi kusema timu yetu, kwa hiyo kila mmoja husema timu yangu, na nilisikia watu sita wakigombana kuhusu mali ambayo kila mmoja alidai ni yake peke yake. Juu ya lango wameandika "Mmoja ni Nguvu". Salamu ndizo zilizonishangaza zaidi. Huko kazini haulizwi mtu "hamjambo", maana jibu lake lina ile silabi. Hata wakiwa kundi zima, huulizwa mmoja mmoja, "Hujambo?" "Sijambo," na foleni ya salamu huanza kabla jua halijachomoza. Mimi kwa ujinga wangu niliwaambia "Hamjambo nyote," nao wakatazama chini kana kwamba nimewatukana wazazi wao. Bwana Makungu alinivuta kando akanipa samahani kabla sijaiomba.

Kuna maneno yaliyosamehewa. Mtungi ni mojawapo, kwa sababu wateja wa nchi jirani walikuwa hawajui kinachouzwa. Wenye karakana walipeleka ombi, kamati ikaridhia: mtungi utaitwa mtungi. Niliuliza kuhusu neno mtu. Bwana Makungu alifikiri, akasema hakuna aliyewahi kuliletea ombi. Kwa hiyo ndani ya lango mtu huitwa m, na watu huitwa wa, na ile methali yetu kwamba mtu ni watu nilisikia mzee mmoja akiinong'ona huku akikanda udongo: m ni wa.

Nilihudhuria pia mjadala wa kamati, maana uko wazi kwa wageni. Siku hiyo walikuwa wanaijadili tu ya mwisho wa sentensi, ile ya "kidogo tu" na "basi tu". Mjuzi mmoja alidai kwamba hiyo ni tu ya unyenyekevu na haina kosa. Mwenzake alimjibu kwamba hapo ndipo siasa inapojificha, kwa kuwa anayesema napata kidogo tu amekwisha kufungua mkutano. Walibishana kwa upole mpaka chakula kikaletwa, kisha wakaahirisha. Nilitoka nikiwa bado nawasifu. Nchi yenye wabishi wapole kiasi kile, nilijisemea, ina jambo la kutufundisha.

Sifa zangu ziliishia tanurini.

Tanuri la mitungi lina dohani, yaani bomba la kutolea moshi, refu kupita nyumba zote za mji. Mkuu wa nchi alipokuja kuitembelea karakana, ilionekana kwamba moshi mweusi ungechafua anga siku ya ziara. Dohani ikafunikwa kwa bakuli kubwa la udongo lililopakwa rangi za taifa. Mkuu alikuja, alipiga makofi, alikwenda zake. Bakuli likabaki. Ili kuliondoa ingebidi kwanza mtu aseme liliwekwa kwa nini, na hiyo ni siasa, halafu aseme linamuumiza nani, na jibu la swali hilo linaanza na ile silabi.

Moshi ukikosa njia ya juu hurudi ndani. Niliingia pale na Tunu, macho yakaanza kuniwasha, nikatoka nikikohoa kama mbuzi mwenye mafua. Wao hukaa humo kutwa. Wanakohoa wote, kila mtu akigeukia ukuta wake. Anayezidiwa huenda kwa daktari, peke yake, na daktari humpima vizuri kabisa na kumwambia kwamba ana kifua dhaifu. Kifua chake mwenyewe. Kisha mfanyakazi huyo huagwa. Huko hawasemi kufukuzwa, wanasema kuagwa: mfanyakazi hupewa mtungi mpya mkononi, husindikizwa mpaka langoni kwa maneno mazuri, na nafasi yake huchukuliwa na mwingine mwenye kifua kizima.

Mwanamke aliyekuwa akisimama ubavuni mwa Tunu kwenye mdomo wa tanuri aliitwa Sikudhani. Alipoagwa, Tunu alimkumbatia pale chini ya chekeche akamwambia, "Tutakukumbuka." Lilimtoka tu. Bwana Makungu alimletea mwenyewe maji ya kusukutua kinywa, kama ilivyo desturi kwa kosa la kwanza. Kosa la pili halina maji. Anayelifanya huagwa bila mtungi, na hakuna karakana Shwari nzima itakayompokea tena.

Sikudhani alikufa kabla ya mvua. Mazikoni, Tunu alinisimulia, watu walilia na kusema tumempoteza, tumempoteza, maana makaburini si kazini. Asubuhi iliyofuata walipanga foleni langoni, na kila mmoja kwa zamu yake alimwambia Bwana Makungu, "Nimempoteza." Bwana Makungu alimpa kila mmoja pole yake.

Tulikuwa tunakula alipokuwa akinisimulia haya. Alisita katikati, akajifunika mdomo kwa upindo wa kanga, akakohoa kwa muda mrefu hata nikaweka tonge chini. Ndipo nilipojua kwamba anayefuata kuagwa ni yeye. Aliificha ile kanga haraka, na mimi nikajifanya sikuona.

Nilimuuliza mbona nyumbani wanayasema yote haya waziwazi, na hakuna anayewakataza.

"Nyumbani tunasema sana, mgeni wangu," alijibu. "Tunasema mpaka tunalala. Lakini bakuli haliko nyumbani."

Kisha akaniambia alichotaka. Karibu ungefika mkutano wanaouita Baraza la Shukrani, ambao wafanyakazi wote hukaa uani na viongozi wao, na mgeni akiwepo huombwa aseme neno. Maneno yangu hayachekechwi. Nisimame niseme wanakohoa. Ile "wa" kamati ilikuwa haijaigusa, kwa kuwa hakuna nchi inayoogopa kuwasema wengine.

Sikulipenda ombi lile, wala sikumficha. Nilimwambia kwamba nimekuja kwao kupumzika.

"Na mimi nataka kupumua," akasema, akanisogezea bakuli la mchuzi.

Nilikubali. Kukataa chakula cha mtu ni vigumu, na kukataa neno kama lile ukiwa na chakula chake mdomoni ni vigumu zaidi.

Baraza lilifanyika uani, wafanyakazi wamekaa kwenye magogo, viongozi kwenye viti. Msimamizi wa karakana alishukuru, daktari akashukuru, Bwana Makungu akashukuru kwa niaba ya chekeche. Nikaitwa. Nilisifu mitungi, na niliisifu kwa dhati kwa kuwa ni mizuri. Nilisifu utulivu. Kisha nikasema kwamba wafanyakazi wa tanurini wanakohoa, na kwamba juu ya dohani kuna bakuli.

Ukaanza mjadala, na nitautoa kama nilivyousikia. Msimamizi aliuliza kama "wa" ya mgeni inamlazimu yeyote kutenda jambo. Daktari alisimama, akasema kwa uchungu wa kweli kwamba hajawahi kumpuuza mgonjwa hata mmoja.

"Kila kifua nimekipima peke yake," alisema. "Kifua hakina ubia."

Alishangiliwa kwa makofi ya mmoja mmoja, kwa zamu. Bwana Makungu ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kuhusu maneno. Alisema kwamba "wanakohoa" ni neno safi, halina kosa, ila ni habari ya watu wengine iliyoletwa na mwingine, na habari ya namna hiyo hata ikiwa ya heshima ni umbea. Niliona kwamba aliona haya kunishusha hivyo mbele ya kadamnasi. Alikuwa mwenyeji mwema, na mwenyeji mwema akimuudhi mgeni hutafuta jinsi ya kumpoza. Basi akawageukia wafanyakazi kwa uso wa kirafiki, kama baba anayerudi nyumbani na kuwakuta wanawe mlangoni, ili wanihakikishie kwamba mambo ni shwari.

"Jamani," aliuliza, "mnakohoa?"

Vichwa vyote uani vikainuka kwa pamoja. Nilidhani kuna jambo baya limetokea nyuma yangu. Kumbe lilikuwa limetokea mdomoni mwa Bwana Makungu. Tangu sheria ile itungwe, hakuna kiongozi aliyewahi kuwauliza watu wale swali la wingi ndani ya lango. Mna. Aliisikia mwenyewe ikiwa imeshatoka. Sheria ilikataza majibu. Maswali ilikuwa imeyasahau, kwa kuwa hakuna aliyedhani kwamba kiongozi angeuliza.

Tunu alisimama. Alikuwa amekunja ngumi yake ndani ya kanga, na sauti yake haikuwa kubwa.

"Bwana Makungu, umeuliza kwa wingi," alisema. "Nikikujibu kwa umoja nitakuwa nimekudanganya."

Alimtazama kwanza, kama anayempa nafasi ya kulirudisha swali. Bwana Makungu hakulirudisha. Sijui hadi leo kama alishindwa au alikataa.

"Tunakohoa," Tunu akasema.

Mchochea kuni aliyekaa nyuma yake, yule mwenye kovu la moto usoni, akasema bila kusimama, "Tunakohoa." Akasema yule mzee wa kukanda udongo. Wakasema wapaka rangi, ambao wala hawakai kwenye moshi. Hakuna aliyepiga kelele. Walilitamka polepole kama watu wanaoonja chakula walichokikosa muda mrefu, na wengine walikohoa kweli katikati ya neno. Mimi machozi yalinitoka, na siwezi kusema yalikuwa ya moshi.

Viongozi waliingia ndani kushauriana. Ingekuwa rahisi kuwaaga wote, lakini kulikuwa na mitungi ya wateja tanurini na hakuna wa kuitoa. Walirudi na uamuzi, akausoma msimamizi. Neno la kosa lilikuwa limesemwa na mfanyakazi mmoja. Waliofuata hawakusema, walikuwa mwangwi, na mwangwi hauna hatia. Bakuli la dohani lingeteremshwa alasiri hiyo hiyo ili lipakwe rangi upya, kwa sababu za usafi. Mfanyakazi Nu alikuwa ameagwa.

Bwana Makungu alitusindikiza mpaka langoni. Kwa mazoea alikuwa ameshika kikombe cha maji. Alikitazama, akakumbuka kwamba hili ni la pili, akayamwaga chini taratibu.

"Kosa la leo limeanza kwangu," alimwambia Tunu. "Swali lilikuwa langu. Lakini sheria haimwadhibu muulizaji."

"Najua, Bwana Makungu," Tunu akasema. "Ahsante kwa kuuliza."

Nilitamani amjibu vingine. Nilitamani amtukane. Nilikuwa na hasira kuliko yeye, labda kwa sababu mimi nilikuwa na kwangu pa kurudi na kazi ya kurudia, na yeye alikuwa anaelekea nyumbani kwake bila mtungi mkononi, akijua kwamba mji mzima hautampa udongo wa kushika. Nilimwambia hivyo njiani. Alinijibu kwamba kifua chake kingemtoa tu hata angenyamaza, na heri kutolewa na mdomo. Njia ya kwake inapanda mlima, na alikuwa anahitaji pumzi.

Juu kidogo kuna mahali ambapo karakana nzima huonekana. Alisimama kupumzika, tukatazama. Mtu mmoja alikuwa amepanda ngazi ndefu iliyoegemezwa kwenye dohani, na wenzake wameishika chini, wengi kuliko ngazi ilivyohitaji. Lile bakuli la rangi za taifa lilikuwa linateremka kwa kamba, likigonga gonga ukuta. Moshi ulibaki kama unaosita, halafu ukatoka, mweusi, mnene, ukapanda moja kwa moja.

"Wamefungua," nikasema.

Alikuwa anahesabu vichwa vya waliokuwa chini ya ngazi, naona alikuwa anawajua kwa vitambaa vyao.

"Tumefungua," akasema. "Ni mimi tu sipo."